Msafara wa Tajiri Aziz Wafika Nakivale

Usiku ule tulikuwa uani kwa shangazi, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tunapukuchua mahindi. Simu ilikuwa imesimamishwa ndani ya bakuli la bati ili sauti ivume. Aliyekuwa anasoma humo ni binti yake wa mwisho, ingawa saa hiyo mwenyewe alikuwa bwenini, shuleni; alijirekodi likizo ya Mei. Alikuwa amefika pale ambapo mtawala mmoja wa bara, Chatu, anawavamia usiku wafanyabiashara waliotoka pwani, anawapokonya mali yote, halafu anawaeleza sababu: kuna mwenzao aliyewatangulia akamdhulumu.

Shangazi akaweka gunzi chini, akapiga makofi mara mbili.

"Wamepata," akasema. "Walizoea."

Nilishtuka. Kurasa zile nilikuwa nimezisoma mara mbili kwa macho yangu, na mara zote mbili nilikuwa upande wa msafara. Nilimwonea huruma kijana Yusuf, nikawaombea wapagazi wapone, nikamlaani Chatu. Haikunipitia akilini kwamba mtu kama shangazi, aliyezaliwa Baraka, Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, anaweza kuisikia hadithi hiyo hiyo akiwa amekaa kijijini kwa Chatu, anawatazama wageni wanavyokuja na mizigo yao.

Kitabu chenyewe ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, ikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huo. Ikapita miaka 28 kabla haijatoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London, na kwa mkono wa mchapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kama kiangazi hiki unatafuta riwaya moja tu ya kihistoria, tafuta hiyo. Na nakushauri usiisome peke yako kimya kimya. Mtafute mtu akusomee.

Mimi naishi Bwizibwera, kwenye barabara ya Ibanda, mji ambao abiria wengi huupita wakiwa wamesinzia. Kwenda kwa shangazi ni safari ya kutoka kaskazini mwa Mbarara hadi kusini mashariki: taksi ya kwanza hadi mjini, ya pili kuelekea Isingiro, kisha bodaboda na vumbi. Katika safari za namna hii kitabu cha karatasi hakisomeki. Gari linarukaruka, jirani ana kuku, na kondakta anakutaka usogee. Masikio lakini yako huru. Rekodi za binamu yangu nilizipakia kwenye simu nikawa nasikiliza njiani, na sehemu nzima ya kwanza niliimaliza kituoni Mbarara kabla taksi haijajaa. Wanaopanda taksi za Mbarara wanajua kwamba si utani.

Siku moja mama mmoja wa makamo aliyeketi kando yangu aliuliza nasikiliza nini. Nikampa sikio moja. Akasikiliza kidogo, akanirudishia. "Kiswahili," akasema, "wewe ni mwanajeshi?" Sikumlaumu. Kwa watu wa rika lake huku Ankole, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi ya Simba hapo Mbarara wakati wa Idi Amin, halafu kikawa lugha ya majeshi ya Tanzania yaliyouteka mji Februari 1979. Kiliingia masikioni mwao kikiwa na bunduki begani. Katiba ya Uganda ilikubali mwaka 2005 kwamba kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni, lakini kumbukumbu ya mtu haifutwi na baraza la mawaziri. Inahitaji kusikia kitu kingine katika lugha hiyo, si amri. Mvulana anayenyeshea bustani, kwa mfano.

Maana Peponi inamhusu mvulana. Yusuf ana miaka 12. Anaishi Kawa, mji mdogo ulionawiri Wajerumani walipokuwa wanajenga reli na kunyong'onyea walipoondoka. Baba yake ana hoteli isiyo na wateja. Mara kwa mara anakuja mgeni mmoja nadhifu, anayenukia, tajiri Aziz. Anapikiwa vizuri, na akiondoka humwachia mtoto sarafu. Yusuf amezoea kumchukulia kama mtu wa ukoo. Siku moja anaambiwa afunge kifurushi, anapandishwa garimoshi pamoja na mgeni, na kufika pwani anakabidhiwa kwa kijana anayeitwa Khalil ili wauze dukani pamoja. Khalil ndiye anayemweleza mambo yalivyo: yule si ndugu yako, ni bwana wako, na wewe uko hapa kwa sababu baba yako ana deni.

Mtoto ni rehani.

Hapo shangazi hakupiga makofi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwomba mwanawe mwingine arudishe nyuma kidogo. Makambini watu wanalijua neno rehani bila kamusi. Mtu anakopa sukari na sabuni anaacha simu dukani; mwingine anaacha kadi yake ya mgawo, jambo lisiloruhusiwa, lakini njaa haisomi kanuni. Kumwacha mtoto ni jambo jingine kabisa, na bado, alivyosema shangazi, lina kaka na dada zake.

Jina la Yusuf halikuwekwa kwa bahati. Anayeijua sura ya 12 ya Qur'ani, au Mwanzo kuanzia mlango wa 37, atamtambua mapema: mvulana mzuri wa sura, mwenye ndoto, anayechukuliwa mbali na baba yake na kuishia katika nyumba ya tajiri ambayo mke wa tajiri anamtazama kupita kiasi. Nakivale ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, kanisa na msikiti vinatazamana, na ni hadithi chache ambazo kila mlango wa makazi yale unazijua. Hii ni mojawapo. Jirani Msomali aliyekuja kuomba moto wa mkaa alisimama, akasikiliza dakika mbili tatu, akauliza, "Kanzu imeshachanika?" Bado, tukamwambia. Akakaa.

Kwa nini kusikiliza badala ya kusoma? Kwanza kwa sababu ya shangazi mwenyewe, ambaye ana mtoto wa jicho na herufi zimegeuka siafu. Ndiyo sababu binti yake alianza kusoma kwa sauti, na kujirekodi ili mama asikose sehemu zilizobaki shule ikifunguliwa. Lakini nilipoanza kusikiliza niligundua kwamba riwaya hii imejengwa kwa midomo. Dukani ni masihara ya Khalil na wateja. Mlimani, katika mji ambako Yusuf anaachwa kwa muda, ni mabishano ya barazani kati ya mwenyeji wake Hamid na fundi magari wa Kisingasinga, Kalasinga, mtu wa vichekesho na maneno makali, ambaye amejiapiza kuitafsiri Qur'ani kwa Kiswahili ili Waswahili wajue wanachokikariri. (Katika historia halisi kazi hiyo ilifanywa kwanza na mtu mwingine ambaye naye hakuwa Mwislamu: kasisi Godfrey Dale wa Zanzibar, tafsiri yake ikatoka mwaka 1923. Kalasinga angecheka.) Porini ni visa vya moto wa usiku, kila msafiri akijitahidi kumshinda mwenzake kwa uongo. Macho yakichoka huruka mistari ya namna hii yakitafuta tukio. Masikio hayaruki. Yanakaa barazani hadi mzungumzaji amalize.

Halafu kuna mambo ambayo kitabu cha karatasi hakina. Kwenye sehemu ya tatu ya rekodi yetu mvua ya Mei inapiga bati kiasi kwamba binamu anapaza sauti. Tulikuwa tunaisikiliza Julai, vumbi likiwa hadi kwenye chumvi, na kila mtu akaitamani mvua ile kuliko hadithi. Jogoo mmoja anawika katikati ya maneno ya tajiri Aziz. Mahali fulani msomaji anakwama, anarudia, anasema kwa sauti ya chini "hapana", anaanza upya kwa Kiswahili chake cha Kivu, na ghafla watu wa pwani wanaongea kama watu wa Fizi. Mtaalamu wa studio angefuta yote hayo. Ningemzuia.

Sasa niseme jambo ambalo wasomaji wengi wa Gurnah hawalijui, na ambalo kwangu ndilo linalokipa kitabu hiki haki ya kusikilizwa kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, masimulizi ya watu wa pwani waliosafiri, wakiyaeleza wenyewe kwa lugha yao. Mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande, alisimulia safari ya biashara kuingia bara. Mwingine, Salim bin Abakari, alifika Urusi hadi Siberia. Watafiti wa fasihi wameonyesha jinsi Gurnah alivyoyasoma masimulizi hayo na kuyafuma ndani ya riwaya yake, hasa zile sehemu mbili za kati, ya tatu na ya nne, ambamo msafara unapanda bara, unavuka ziwa na kufika kwa Chatu. Kwa hiyo maneno yalitoka kinywani mwa Mswahili, yakaandikwa na Mjerumani, yakazaliwa upya kwa Kiingereza kwa mkono wa Mzanzibari aliyeko Uingereza, na mwaka 2022 yakarudi nyumbani. Yamezunguka kuliko tajiri Aziz.

Na yaliporudi yalitukuta sisi. Njia ile ya msafara, Bagamoyo hadi Tabora, Tabora hadi Ujiji, kisha kuvuka ziwa kwenda Manyema, Kasongo na Nyangwe, ndiyo njia iliyopeleka Kiswahili Kongo. Bidhaa zilikuwa merikani, shanga na nyaya kwa kwenda, pembe za ndovu na watumwa kwa kurudi. Wafuasi wa akina Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, walijiita Wangwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Majeshi ya Leopold yaliwatoa Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Watu waliondoka, lugha ikabaki. Shangazi anapomwita mbuzi wake, anapogombana na muuza samaki pale Base Camp ya Nakivale, anapoomba dawa kwa daktari Mganda, anatumia mzigo ulioshushwa na misafara hiyo. Niliposema "merikani" alinirekebisha: "Amerikani! Ile ya sanda." Kitambaa kimeisha sokoni zamani, jina bado liko Baraka.

Hata huku tulipo hatuko mbali na njia. Tawi moja la misafara lilitoka Tabora kupanda kaskazini hadi Karagwe, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na kutoka hapo kwenda Buganda. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Karagwe ni ng'ambo tu ya mto Kagera kutoka Isingiro. Siku isiyo na ukungu, mtu akipanda vilima vya kusini mwa wilaya, anaiona Tanzania kwa macho.

Ndipo ninaporudi kwa yale makofi mawili. Wasomaji wa pwani na wa London wameisoma Peponi kama kitabu cha Yusuf, na ni haki yao. Wengi wamesifu jinsi Gurnah alivyokataa kuipamba Afrika ya kabla ya ukoloni: hakuna pepo humo, kuna biashara, madeni, watoto waliouzwa, na Mjerumani anayekaribia na askari wake. Lakini msafara wa tajiri Aziz unawatazama watu wa bara kwa jicho la kuwadharau, kama misafara halisi ilivyofanya. Kwa watu wa pwani wa zama zile, watu wa bara walikuwa washenzi, basi. Mwandishi anaionyesha dharau hiyo bila kuishabikia. Hata hivyo kamera, kama ningeweza kusema hivyo, inabaki begani mwa mfanyabiashara. Chatu tunamsikia kupitia mkalimani. Kijiji chake tunakiona kwa hofu.

Watu waliokaa uani pale walikijaza kijiji hicho wenyewe. Shangazi alisimulia aliyoyasikia kwa babu yake kuhusu watu waliokuwa wakikimbilia milimani wakisikia bunduki zinatoka ziwani. Mzee mmoja Mrundi akasema kwao wageni hao hawakuingia kwa urahisi, mwami aliwazuia. Mjadala ukawa mrefu kuliko sura yenyewe, simu ikazima chaji, na hakuna aliyejali. Nimesoma hakiki nyingi za Peponi. Sijakutana na iliyo bora kuliko ile iliyofanyika juu ya rundo la mahindi.

Kasoro zipo. Mwanzo unakwenda taratibu, na msikilizaji asiye na subira anaweza kupotea katika majina kabla garimoshi halijafika pwani. Mwambie avumilie hadi mazungumzo ya dukani. Wanawake, yaani Zuleikha, mke wa tajiri, na Amina anayeishi naye, wanabaki nyuma ya ukuta wa bustani hadi karibu na mwisho, na wakifunguliwa mlango unakuwa umeshachelewa kuwazoea. Shangazi alilalamika kwamba Amina ana maneno ya kujaza kitabu kizima na amepewa vipande. Nakubaliana naye. Mwisho wenyewe sitausema. Jirani Msomali aliuita mbaya. Binamu yangu anasema ndio mwisho pekee unaowezekana kwa mtoto aliyelelewa kuwa mali ya mtu. Wewe utaamua.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948 na akaondoka akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza akiwa mkimbizi. Tuzo ya Nobel ya fasihi alipewa mwaka 2021, na waliomtunuku waliitaja wazi hatima ya mkimbizi katika kazi zake. Nilipomweleza shangazi hayo alitikisa kichwa kana kwamba alishajua. Nakivale ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, yaani ni ya zamani kuliko uhuru wa mataifa mengi ya Afrika, na watu wake wameandikwa sana katika ripoti. Kusomewa riwaya ni kitu kingine.

Anayependa kuendelea na zama hizo hizo atafute Afterlives, ya Gurnah pia, iliyotoka mwaka 2020, inayoingia ndani kabisa ya jeshi la askari wa Kijerumani. Kwa Kiingereza inauzwa pia kama kitabu cha kusikiliza. Anayetaka historia ya Unguja moja kwa moja kwa Kiswahili ana Kuli ya Shafi Adam Shafi, kuhusu makuli wa bandarini na mgomo wa 1948. Nayo inasomeka vizuri kwa sauti, hasa ugomvi.

Nakala yetu ya Peponi ililetwa na kondakta wa basi kutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula, imefungwa ndani ya kanga. Rekodi za binamu ni za nyumbani na zitabaki nyumbani. Kitabu kina mwandishi, mfasiri na mchapishaji, na wote watatu wanakula. Ndiyo maana ombi langu nalielekeza kwa wachapishaji wa Kiswahili: tuleteeni vitabu vya kusikiliza, kwa bei ya vocha, vinavyoenea kwenye memori kadi, na msitusafishie lafudhi. Redio ilishatuzoesha. Warundi na Wanyarwanda wa Nakivale wanaweza kukusimulia tamthilia ya Urunana kuanzia miaka ambayo waigizaji wenyewe wameisahau.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Hotuba zitakuwepo, na huku kwetu itaangukia katikati ya mavuno. Anza sehemu ya kwanza usiku huo, simu ndani ya bakuli la bati, mahindi yakiwa tayari sakafuni. Na ukifika kwa Chatu, uangalie ni nani anayepiga makofi.